Nani atapokea mahari ya Faida?

"Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Tanga, na kwa miaka mitatu sasa naandika riwaya ya mapenzi ya Kikristo inayotokea Unguja. Msichana wangu anaitwa Faida. Mwaka 1876, akiwa na miaka kama 10, manowari ya Waingereza inalikamata jahazi lililombeba, naye anapelekwa kulelewa na misheni Mbweni. Anakua, anasoma, na akifika miaka 19 wanaume wawili wanamtaka: Yohana, seremala wa misheni, na Salim, nahodha kijana, Mwislamu. Nimefika sura ya 14. Wenzangu wa kikundi cha maombi wamesoma, wanasema Faida ana mdomo mno, si kielelezo cha mke Mkristo. Mwalimu mwenzangu wa historia anasema mwanamke jasiri namna ile hakuwepo enzi zile, na tena utumwa ulikwishapigwa marufuku 1873, kwa hiyo hadithi haina mgogoro. Nami sijui nimalizeje. Salim abatizwe? Faida aolewe na nani? Na jambo moja zaidi: bibi yake bibi yangu alitoka Mbweni. Nyumbani hatulizungumzi. Je, niendelee au niache?"

Marahaba, mwalimu. Umeuliza mengi mbele za watu, na lile lililokuuma umelificha mkiani, kama mgonjwa anayetaja maumivu yake ameshasimama kuaga. Nitalifikia. Nianze na uliyoyaleta mbele.

Kama nimekusikia vizuri, unaogopa kwamba umeumba mwanamke asiyewezekana. Kwa wenzako wa maombi hawezekani kwa sababu ni Mkristo. Kwa mwalimu wa historia hawezekani kwa sababu ni wa karne ya 19. Ukimlainisha ili kikundi kimkubali, anakuwa sanamu. Ukimwacha alivyo, unaambiwa umejibunia tu. Nimehariri riwaya za aina hii kwa miaka mingi, na sura ulizoambatisha nimezisoma zote. Faida anawezekana. Ila nguvu uliyompa umeiazima kwa watu wa siku hizi, na ndiyo maana pande zote mbili zinamtilia shaka, kila upande kwa sababu yake.

Mwenzako wa historia ana nusu ya ukweli. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa na kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari kukapigwa marufuku. Kusafirisha, nasema. Kumiliki mtumwa kuliendelea kuwa halali kisiwani kwa karibu miaka 24 mingine, hadi amri ya Aprili 1897, na hata amri hiyo iliwaruka masuria, wakasubiri hadi 1909. Pwani ya Kenya ilikuwa 1907. Upande wa Wajerumani, walichoamuru ni kwamba watoto watakaozaliwa baada ya 1905 wawe huru, na utumwa wenyewe haukufutwa moja kwa moja Tanganyika hadi 1922, Wajerumani wakiwa wameshaondoka.

Sasa mweke Faida ndani ya tarehe hizo. Mwaka 1885 ana karatasi ya ubalozi inayosema yu huru. Akitoka Mbweni kwenda mjini kununua uzi, njiani anapishana na wanawake wa umri wake, pengine wa kijiji kilekile alikozaliwa, ambao kisheria ni mali ya mtu. Kinachomtenga nao ni kwamba jahazi lake lilionekana na lao halikuonekana. HMS London, manowari kuukuu ya mbao, ilitia nanga bandarini Unguja kuanzia 1874 hadi 1883, na mashua zake ndizo zilizokuwa zikivizia majahazi usiku huko visiwani. Uhuru wa msichana wako ulining'inia kwenye upepo na macho ya baharia mmoja aliyekuwa zamu. Anaishi kilomita chache kutoka kwa wale ambao hawakubahatika, na kila Jumapili anaambiwa amshukuru Mungu kwa kuokolewa. Amshukuru kwa kumchagua yeye na kumwacha nani? Mwalimu mwenzako akikwambia hapo hapana mgogoro, mwombe akae na swali hilo usiku mmoja.

Nije kwenye nguvu zake. Sura ya 6, Faida anamzaba kofi dalali pale forodhani na kumpa somo la haki za binadamu mbele ya wachukuzi. Nilicheka, halafu nikasikitika kidogo. Wenzako wa maombi wanauita huo mdomo. Mimi nauita hotuba. Msichana wa 1885 aliyelelewa misheni hangepanga maneno yake kama mgeni rasmi kwenye semina. Lakini hata ukisahau lugha, lile kofi halimgharimu kitu. Dalali ni adui, msomaji anamchukia tangu ukurasa wa kwanza, na baada ya kofi Faida anarudi nyumbani kunywa uji. Kumkatalia adui ni rahisi. Mpe mtu wa kumkatalia ambaye amemlisha, amemfundisha kushika kalamu, na amekesha kando ya kitanda chake alipougua ndui.

Mtu huyo unaye tayari, ila umemfanya malaika. Mbweni lilikuwa shamba kusini mwa mji ambalo UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, ililinunua 1871, likawa kijiji cha watu waliotolewa utumwani, na ndani yake shule ya wasichana. Caroline Thackeray, mwalimu Mwingereza, aliwasili 1877, akaiongoza shule hiyo kwa takriban robo karne, wala hakurudi kwao hata alipostaafu. Alifia Unguja 1926. Mtu haachi kwao kwa miaka karibu 50 kwa ajili ya mchezo. Lakini walimu wa Mbweni, pamoja na wema wao wote, walikuwa na mpango. Wasichana walifundishwa kusoma, kuandika na kushona, na waliofanya vizuri walitarajiwa kuwa walimu na wake wa walimu, hasa wa vijana waliosomeshwa Kiungani, chuo cha wavulana cha misheni hiyohiyo, ili wakafungue vituo bara. Kwa watoto wasio na wazazi, misheni ndiyo iliyokuwa mzazi, na mzazi huwa na mawazo yake kuhusu mkwe. Watu wema wenye mpango juu ya maisha yako ni vigumu kuwapinga kuliko wabaya, kwa sababu ukiwapinga unaonekana huna shukrani, nawe mwenyewe unajiona huna.

Hapo ndipo nikutoe kofini nikupeleke sura ya 9. Yohana anakuja kuposa. Umeandika: "Posa ikakubaliwa." Nikasimama. Ilikubaliwa na nani?

Wewe ni mtu wa Tanga, huna haja ya mimi kukueleza. Posa haiendi kwa msichana. Inakwenda kwa wazee, kwa mdomo wa mshenga, na kuna mtu wa kukaa mkekani aseme tumesikia, mje wiki ijayo. Kuna mjomba wa kununa kwamba hakupewa taarifa. Kuna shangazi wa kuuliza huyo kijana kwao wapi. Mahari inapokewa na mikono ya watu wenye jina. Utumwa ulikata vitu hivyo kabla ya kukata kingine chochote. Minyororo iliweza kufunguliwa, lakini ukoo uliobaki nyuma haukuletwa na jahazi lolote. Mtumwa pwani yetu alikuwa kwanza kabisa mtu asiye na wa kumuulizia, na karatasi ya balozi haikumpa mjomba. Kwa hiyo Faida, huru kabisa, anaposwa, na mkekani hayupo mtu.

Kile kitenzi chako cha kutendwa kimefunika riwaya nzima. Nani anakaa? Bibi wa shule, ambaye kwao Uingereza hapana mahari? Kasisi? Au labda wanawake wawili watatu waliotoka jahazi moja na Faida, ambao hawana undugu naye wa damu ila walilala sakafu moja chini ya sitaha siku tisa, nao sasa wanadai kuwa ndio shangazi zake? Ningekuwa wewe ningewaandika hao shangazi wa jahazi kwa sura nzima, wakibishana kwa lugha tatu kuhusu mahari ya mtoto wao. Kisha ningemfanya Faida aingie wakiwa katikati ya ubishi na aseme jambo ambalo mwenye ukoo hangeruhusiwa kulisema: kwamba jibu analo yeye, na jibu la leo ni hapana. Aliseme kwa sauti ya chini, pengine mikono ikimtetemeka. Huo ndio mdomo wa Faida, na hakuna mwanahistoria atakayeuita wa kubuni, kwa maana umezaliwa na hali yake mwenyewe. Aliyenyang'anywa ukoo analazimika kujisemea, na akishajisemea mara moja, kumnyamazisha tena ni kazi.

Ukifika hapo, kikundi cha maombi nacho kina la kujibu. Waulize juu ya Abigaili katika 1 Samweli 25, aliyepakia punda chakula bila kumwambia mumewe Nabali, akamkabili Daudi na jeshi lake njiani, na Daudi akamshukuru Mungu kwa ajili yake. Au mabinti wa Selofehadi, waliosimama mbele ya Musa kudai urithi, Hesabu 27, na Bwana akasema wamesema haki. Wakikujia na Waefeso 5, waombe waanze mstari wa 21, si wa 22. Usishindane nao lakini. Wana jambo la kweli wanalolihisi wakashindwa kulitaja, nalo ni kwamba Faida wako hawezi kukosea. Anasema sana kwa sababu daima ana haki. Mpe kosa moja kubwa, la kumuumiza mtu asiye na hatia, na utashangaa watakavyompenda.

Kuhusu jina. Sijui kama ulilichagua kwa makusudi, ila Faida ni jina zuri mno kwa kazi hii, na umelipita kama jina tu. Watumwa waliofika pwani walipewa majina na waliowanunua: Mabruki, Feruzi, Majaliwa, majina ya baraka na vito na bahati njema, bahati ya mnunuzi. Kumwita mtoto Faida, ukiwa umemnunua, unasema wazi unamwona nini. Kisha misheni ikawabatiza kwa majina ya Ulaya au ya Biblia. Padri wa kwanza Mwafrika wa UMCA, aliyepewa upadri 1890, aliitwa Cecil Majaliwa. Historia nzima imo katika maneno hayo mawili. Faida basi ana majina matatu: la dalali, la ubatizo, na lile la kwanza ambalo mama yake alimwitia uji. Amua nani anamwita lipi. Yohana aliyebatizwa naye siku moja atamwita la kanisani. Salim atamwita Faida, bila ubaya, hajui lingine. La kwanza amelificha. Mwanaume atakayefika siku ya kuambiwa jina hilo, msomaji atajua kabla ya padri.

Sasa imani. Hii ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, na unisamehe kwa kusema wazi. Sura ya 4 anaomba, mvua inanyesha. Sura ya 8 anaomba, barua inafika. Sura ya 11 anaomba, chombo cha Salim kinanusurika kusi kali. Umemfanya Mungu tarishi wa mwandishi. Hadithi ya mapenzi inatembea kwa hofu ndogo inayomkaa msomaji kooni: hawa wawili watafika au hawatafika? Kila fundo likifunguliwa kwa sala ndani ya kurasa tatu, hofu inakufa, na pamoja nayo mapenzi. Msomaji Mkristo hukerwa na hilo kuliko asiyeamini, kwa kuwa yeye ameomba mengi na mengine hayakujibiwa. Kisome upya kitabu cha Ruthu, kina sura nne tu. Kuna njaa, misiba, mjane mgeni, uwanja wa kupuria usiku, wazee langoni, kiatu kinavuliwa, ndoa. Mungu anatajwa sana midomoni mwa watu, lakini msimulizi mwenyewe anamwonyesha akitenda mara mbili tu: anawapa watu wake chakula, na anampa Ruthu mimba. Yaliyobaki yote ni miguu ya Ruthu na ubongo wa mkwewe.

Na huhitaji miujiza, mwalimu, kwa sababu lugha yetu imekuwekea mtihani wa imani ndani ya maneno yenyewe. Faida anafika Mbweni na jambo la kwanza analofundishwa ni kumwita Mungu Bwana. Neno hilo analijua. Alimwita hivyo yule aliyemnunua Kilwa. Anaambiwa Kristo amemkomboa. Kukomboa analijua pia, ni kutoa fedha mtu akafunguliwa, ameona kwa macho yake bei ikitajwa. Halafu siku moja msomaji wa somo anasimama, Warumi sura ya kwanza, na linatoka: Paulo, mtumwa wa Kristo Yesu. Huyu ni mtoto ambaye karatasi yake ya uhuru bado ina mikunjo mipya. Anakaa pale anasikia kwamba mtu mkubwa wa Mungu anajiita, kwa fahari, lile ambalo yeye anaota usiku anaamka analia.

Ningeitoa riwaya nzima kwa ajili ya dakika hiyo. Afanye nini na neno hilo? Alikatae? Amwulize mwalimu, ambaye hajawahi kuwa mtumwa wa mtu, na mwalimu ajibu vizuri kama kitabuni na jibu lisimfikie? Angalia na sentensi inavyoendelea: mtumwa, aliyeitwa awe mtume. Kwa Kiswahili maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja, yote yametoka katika kutuma, na yanatofautiana mwishoni tu. Msichana aliyefunzwa kuandika ubaoni angeliona hilo kabla ya maaskofu. Acha alibebe kimya kwa sura kumi. Siku atakaposimama mkekani kusema hapana, au baadaye kusema ndiyo, msomaji aelewe kwamba ameshajua tofauti ya aliyetumwa kwa nguvu na aliyekubali kutumwa. Usilieleze. Ukilieleza umerudi kwenye hotuba.

Ndoa, basi. Hapa sitakupa jibu moja kama dawa, nitakupa ninavyoona kila njia inakogharimu.

Salim kubatizwa sura ya mwisho ndilo kimbilio la waandishi wengi wa aina hii, nami nakusihi usilikimbilie. Kijana wa Unguja ya 1885 akiuacha Uislamu alikuwa anaacha nyumba, urithi, wenzake wa chomboni na kaburi la baba yake. Inaweza kutokea, lakini ianze sura ya 3 na iwe kati yake na Mungu, Faida asiwe tuzo. Kisiwa chenyewe kina mfano ulio wazi. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa 1844, alimpenda mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden, na huko 1867 akabatizwa na kuolewa, akaitwa Emily. Ni riwaya tupu, ungedhani. Mumewe alikufa Hamburg 1870, ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi, na mwanamke huyo aliishi miaka mingi akikiri kwamba imani aliyoingia nayo kwenye ndoa haikuwahi kumkaa sawasawa. Huo ulikuwa ubatizo wa kweli katika mapenzi ya kweli, na tazama ulivyoendelea baada ya ukurasa wa mwisho.

Yohana umemwandika kama kiti: yupo pale, imara, anasubiri kukaliwa. Ndiyo maana hata wewe humtaki. Lakini Yohana naye alitoka jahazini! Naye hana mjomba. Seremala aliyejifunza randa kwa mafundi wa misheni, pengine amepiga misumari kwenye kanisa la Mkunazini, lililojengwa palepale soko la watumwa lilipokuwa, jiwe la msingi Krismasi ya 1873. Mtu huyu amejenga madhabahu juu ya mahali ambapo huenda rafiki zake waliuzwa, na katika sura 14 hajasema neno hata moja juu yake. Mfungue kinywa. Halafu mkatalie posa yake mara ya kwanza, tuone anafanya nini mwanaume mwema akiambiwa hapana na mwanamke asiye na wa kumlazimisha.

Njia ya tatu ni Faida kutoolewa. Ina heshima yake, ila mapenzi kama aina ya riwaya yana ahadi kwa msomaji, kwamba mwisho kutakuwa na furaha au angalau matumaini ya wawili. Ukiivunja, kiite kitabu riwaya ya historia, usimuuzie mtu chai kwa jina la kahawa.

Mimi, kama ungenibana, ningempa Yohana, kwa posa ya pili, kwa sharti alilotaja Faida mwenyewe. Kama unahitaji mahali pa kuwapeleka, kuna Masasi. Askofu Steere wa UMCA alikwenda huko 1876 na watu wapatao 50 waliokombolewa, wakaanza kijiji. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huko waliitwa Wamagwangwara, wakakivamia, wakateka watu. Mwanamke aliyewahi kutekwa, anayeombwa kwenda kufundisha mahali ambapo watu wametekwa juzi, ana sababu nzuri sana ya kukataa. Akikubali tutajua ni nani. Salim abaki Mwislamu, abaki mtu mwema, abaki na maumivu yake. Utapoteza wasomaji wachache waliotaka abatizwe. Ni hasara halali.

Na kwa kuwa tumemtaja Salim: wengi watakaokisoma kitabu chako ni majirani zako wa msikiti wa pili. Katika sura zako kila mwenye kanzu ni mnunuzi wa watu na kila mwenye msalaba ni mkombozi. Hesabu haikuwa hivyo. Wafaransa wa Réunion, Wakristo, walinunua watu pwani hii. Pembe zilizobebwa na mateka ziliishia kuwa vibonyezo vya piano katika sebule za Uingereza na Marekani, nyumba zilizoimba tenzi jioni. Merikani aliyovaa mtumwa ilifumwa Massachusetts. Waliokamata watu bara mara nyingi walikuwa watu wa bara. Na kumwacha mtumwa huru ni thawabu kubwa katika Uislamu. Wako waliofanya hivyo kwa kumwogopa Mungu. Mtafute mama mmoja Mwislamu unayemheshimu, mtu mzima, umpe sura za mjini asome kabla ya mchapishaji. Hilo siwezi kukufanyia mimi.

Mambo madogo, haraka. Sura ya 7 Faida ana kanga yenye methali: toa. Leso na kanga zilikuwa zinaanza miaka hiyo, ila maneno yalikuja karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Mvishe kaniki au merikani. Buibui pia limewahi mno. Zaburi ya 23 ameisoma kwa maneno ya Biblia ya Union Version, iliyotoka 1952. Steere alikuwa ametafsiri Zaburi, lakini si kwa maneno hayo, basi mfanye aikumbuke kwa maneno yake mwenyewe. Fedha ni riali na rupia. Na lile busu la bustanini liondoe, si kwa sababu ya kanisa, bali kwa sababu lina baridi. Faida na Yohana ni kati ya watu wachache kisiwani wanaosoma herufi za Kirumi, na hujawaandikia hata kikaratasi kimoja cha kupitishiana chini ya ubao wa kukunia nazi.

Kwa sauti za wakati ule, katafute gazeti la *Msimulizi* lililoanza kuchapwa Kiungani 1888, na masimulizi ya wavulana wa Kiungani yaliyotolewa 1887, vijana wakieleza wenyewe walivyotekwa. Nyaraka za Taifa Zanzibar wana vingi, nenda mwenyewe, kaa na wahifadhi, waulize. Utaona wavulana wanazungumza kurasa kwa kurasa. Wasichana wa Mbweni utawapata zaidi katika barua za walimu wao, wakielezwa.

Jambo ambalo linanirudisha kwenye mkia wa swali lako.

Mwalimu, pwani nzima kuna nyumba ambazo halizungumzwi. Watu walijipa makabila, walijipa vijiji vya asili, waliwaambia wajukuu "sisi tulikuja tu". Usiwaone waoga. Kuitwa mzao wa mtumwa kumevunja posa za watu hadi miaka ya karibu kabisa, na bibi yako huenda aliziona zikivunjika. Ukimya ule ulikuwa mahari yenu. Ndio uliowawezesha wengine kuolewa. Sasa wewe unataka kuufungua kwa kitabu chenye jina lako jaladani. Unayo haki ya kuandika. Haki ya kumshtukiza bibi kwa kitabu, sidhani.

Hili halimalizwi kwa barua wala kwa mhariri. Panda basi uende. Kama bibi yako yu hai, au dada yake, kaa naye jikoni, na mara ya kwanza usiende na daftari. Usimwulize kama mlikuwa watumwa. Mwulize bibi yake alipika nini, aliimba nini akitwanga, alikuwa na jina la utani gani, nani alikuja kuzikwa kwake. Akiinuka akaondoka, mwache. Mwombe mzee mmoja wa ukoo au mchungaji anayewajua akae nanyi siku nyingine. Akikwambia usiandike, una njia: mhamishe Faida, mpeleke Freretown kule Mombasa, ambako CMS, misheni nyingine ya Kianglikana, walianza kijiji kama hicho miaka ileile, au kwa Wakatoliki wa Bagamoyo waliokuwa na chao tangu 1868, badilisha kila kinachoelekeza mlangoni kwenu, na shukrani za mwanzoni usimtaje mtu. Akikwambia andika, mwulize jina. Lile la kwanza, kama lilibaki.

Sura ya 15 isubiri hadi urudi.